Chumba cha Jiografia na Kijito cha Nyuma ya Kilima

Kwa nini mtoto aliyewashinda wenzake wote katika somo la mito alichukuliwa na maji ya kijito alichokivuka kila siku? Swali hilo liliingia nyumbani kwetu likakaa kama mgeni asiyeaga. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini sikuwa na jibu. Mama yangu, mwalimu wa jiografia, hakuwa nalo. Mjomba wangu, fundi seremala, hakutaka hata kulisikia. Mtoto huyo alikuwa binti yake wa pekee.

Tulimwita Chiriku, kwa sababu alipenda kuzungumza. Baba yangu ni fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho duka lake. Alikuwa akisema kwamba maneno ya Chiriku yangekuwa uzi, angeshona nguo za mji mzima na uzi ungebaki.

Siku ile Chiriku alisimama mbele ya darasa la mama yangu. Alizitaja sehemu zote za mto, kutoka chanzo hadi unapoingia baharini. Wenzake walimpigia makofi. Mchana alishika njia ya kwenda kwao, ng'ambo ya kijito. Jua lilikuwa linawaka. Maji pale kivukoni yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Alipokuwa katikati, maji mengine yalikuja kwa kishindo, mekundu kwa udongo, yamebeba magogo. Wenzake waliokuwa nyuma walimwona, kisha hawakumwona tena.

Msibani watu walinong'ona. Walisema mtoto mwenye maneno mengi haangalii anapokanyaga. Mjomba aliyasikia. Tangu siku hiyo alibeba mambo mawili: kifo cha mwanawe, na lawama juu ya mwanawe.

Nilirudi nyumbani kwa likizo ndefu. Nilimkuta Mama akiandaa masomo pembeni ya meza ya Baba ya kukatia nguo, kama kawaida yake. Baba alikanyaga cherehani, Mama aliandika. Kila alipofika kwenye somo la mito, kalamu yake ilisimama. Baba aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku hizi, likifika somo hilo, Mama huwaambia wanafunzi wasome wenyewe kimyakimya. Yeye husimama dirishani mpaka kengele igongwe.

Asubuhi moja Mama alikwenda kwa mkuu wa shule. Alimwomba chumba kilichokuwa kimerundikwa madawati mabovu. Alisema anataka kukifanya chumba cha jiografia, ili asifundishe tena dunia nzima kwa chaki peke yake. Mkuu wa shule alikubali. Wazazi walinunua tufe la dunia, ramani na vipimo vya hali ya hewa. Kazi iliyobaki ikawa yetu.

Mjomba alipopata habari, alikuja bila kuitwa. Karakana yake ilikuwa karibu na shule, upande huu wa kijito. Alipima kuta, akaondoka, akafanya kazi kwa wiki nyingi. Siku alipoleta kabati lake, tulirudi nyuma ili tulione lote. Lilienea ukuta mzima. Mbao zake alizipiga randa mpaka zikawa laini kama kitambaa. Mbele aliweka vioo, na kwenye vioo akaweka kufuli la shaba. Tufe aliliweka katikati, mawe na dira pembeni, na ramani chini, zimekunjwa vizuri, ila chache zilizoning'inizwa ukutani. Kisha aliyapanga madawati mistari iliyonyooka, yote yakilitazama kabati, akayapigilia misumari sakafuni ili mtu asiyasogeze. Ufunguo aliuvaa shingoni.

Sisi wengine nasi tulifanya ya kwetu. Baba alishona mapazia. Kipimamvua tulikiweka chini ya paa, karibu na mlango, kisiibiwe. Kipimajoto tulikipigilia kwenye ukuta wa mbele, unaopigwa na jua, ili kila mtu akione. Mimi nilichora mto mkubwa ukutani. Niliupaka rangi ya buluu, ukatelemka kutoka juu hadi chini, umenyooka.

Chumba kilipendeza. Wageni walikuja wakasifu. Wanafunzi waliingia wakiwa wamevua viatu, wakaketi mikono ikiwa mapajani. Nje ya mlango walikuwa na maneno yao. Walikiita sebule ya mwalimu. Mmoja alisema ndani mle hata kukohoa kunahitaji kibali.

Lakini alama za mitihani ya ramani hazikupanda. Wanafunzi waliitazama ramani kama mtu anavyoitazama picha ya mtu asiyemjua. Mama aliona hivyo, akavuka barabara, akamwita Bibi Vipimo.

Bibi Vipimo alikuwa mkufunzi wa walimu mpaka alipostaafu, na nyumba yake inatazamana na yetu. Jina hilo alilipata kwa tabia yake. Akinunua kitambaa kwa Baba, hukipima tena kwa futi yake mwenyewe. Baba humlalamikia kwamba futi ya duka haijawahi kusema uongo. Naye hujibu kwamba hakagui futi, anakagua macho yake.

Aliingia ndani ya chumba, akazunguka taratibu. Aligusa mbao za kabati kwa heshima.

"Fundi aliyetengeneza hili ana mkono," alisema. "Mwalimu, leo wanafunzi wameshika nini humu?"

Mama alisema hawashiki. Wanatazama.

Bibi Vipimo alimwita kiranja wa darasa, msichana mrefu aliyekuwa akiketi dawati moja na Chiriku. Alimwomba aonyeshe upande wa kaskazini. Kiranja alinyoosha kidole juu, kwenye dari.

Wenzake walicheka. Bibi Vipimo akawageukia wale waliocheka, akawaomba nao waonyeshe. Mmoja alionyesha ukingo wa juu wa ramani iliyoning'inia ukutani. Mwingine alisitasita, kisha naye akaonyesha dari. Kicheko kikaisha.

"Ramani huning'inia siku zote, Bibi," kiranja alijitetea. "Na kaskazini huwa juu."

"Na mito je? Inakwenda wapi?"

"Inatelemka chini. Kusini." Alionyesha mto wangu wa buluu. Nilitamani ukuta ule unifiche.

Bibi Vipimo akauliza swali jingine, polepole. Aliuliza maji ya kijito cha pale kivukoni yanatoka wapi. Kiranja alisema yanatoka upande wa tambarare, kunakochomoza jua, kwa sababu ukisimama kivukoni unayaona yakija kutoka huko. Alieleza kwamba wao, watoto wa ng'ambo, wana desturi yao. Kabla ya kuingia majini, wote husimama na kuitazama mbingu ya upande huo. Ikiwa na wingu, hungoja. Ikiwa nyeupe, huvuka.

Mama alishika ukingo wa dawati.

"Na siku ile?" aliuliza. "Chiriku aliitazama?"

"Aliitazama, Mwalimu," alisema kiranja. "Yeye ndiye aliyetufundisha kuitazama."

Mama alitaka ramani ya wilaya itolewe kabatini palepale. Haikuwezekana. Ufunguo ulikuwa shingoni mwa Mjomba, na Mjomba alikuwa safarini kununua mbao. Basi Bibi Vipimo alituchukua hadi nyumbani kwake. Alitandaza ramani yake juu ya meza ya chakula. Kwanza alitoa dira, akaizungusha ramani mpaka kaskazini ya karatasi ikaelekea kaskazini ya kweli. Kisha akatuonyesha shule, kilima kilicho nyuma yake, na kivuko.

Alianza kuufuata mstari wa kijito kwa kidole. Kutoka kivukoni, kidole kilikwenda mashariki, kwenye tambarare. Pale nilidhani kingeendelea kwenda mashariki. Hakikuendelea. Kijito kilipinda. Kilikizunguka kilima cha shule chote, kikarudi magharibi, kikapanda mpaka kwenye milima iliyo mbali nyuma yetu.

Alituonyesha mistari myembamba iliyochorwa juu ya milima ile. Inaitwa kontua, alisema, na kila mmoja unapita mahali penye kimo kilekile. Mistari ikisongamana, hapo pana mtelemko mkali. Pale milimani ilisongamana kama vitambaa vya Baba rafuni. Mvua ikinyesha huko, maji hayatulii. Hutelemka kwa kasi, hukizunguka kilima, hutokea kivukoni upande wa tambarare. Huku chini jua linaweza kuwa linawaka wakati huohuo.

"Maji hufuata mkondo," alisema Bibi Vipimo. "Lazima mtu aujue mkondo wote. Mtoto huyu alikijua kivuko. Kijito hakukijua, na hakuna aliyemwonyesha. Aliitazama mbingu kwa makini, kama mtu mzima. Maji yalitoka nyuma ya mgongo wake."

Hilo ndilo lililokuwa jibu. Nilidhani jibu likipatikana litapunguza uzito. Halikupunguza. Mama alikaa juu ya kiti, kiganja chake kikiwa juu ya milima ile ya karatasi.

Baadaye Bibi Vipimo alitueleza chumba cha jiografia ni kitu gani. Alisema hakidharau chumba chetu, ila kimejengwa kwa ajili ya wageni. Chumba cha somo hili ni kama karakana. Ramani inapaswa kulala mezani, mwanafunzi aizunguke. Tufe lizungushwe kwa mkono mpaka lichakae. Madawati yasogee, ili wanafunzi wafanye kazi kwa makundi. Kipimamvua kikae uwanjani, mbali na kuta na miti, kwa maana chini ya paa hupima maji yanayotiririka kutoka kwenye bati. Kipimajoto kiwekwe kivulini, ndani ya sanduku jeupe lenye upenyo wa kupitisha hewa, kwa sababu ukutani kinapima joto la ukuta. Baba alitikisa kichwa. Alisema kumbe muda wote tumekuwa tukiandika homa ya ukuta na jasho la bati.

Ilibaki kumwambia Mjomba. Mama alikwepa jambo hilo kwa siku kadhaa. Alijua kwamba kabati lile ndilo lililomfanya kaka yake aamke asubuhi. Alijua pia kwamba watoto wa ng'ambo wanaendelea kuvuka, wakiitazama mbingu ya upande usiofaa. Aliwakataza kuvuka peke yao, akawaeleza habari ya milima. Waliitikia. Lakini kesho yake aliwaona wamesimama kivukoni wakitazama mashariki kama zamani. Maneno yalikuwa yamepita juu ya vichwa vyao kama chaki inayofutwa.

Nilimsindikiza hadi karakanani. Mjomba alikuwa akipiga randa. Hakusimama.

"Kaka," Mama alisema, "kabati lako linatuzuia kufundisha."

Randa ilikwenda, ikarudi.

"Nilimjengea mwanangu mahali pasipochezewa na mtu."

"Najua."

"Sasa unataka waje wapashikeshike."

"Nataka wajue maji yalitoka wapi."

"Yalitoka kwa Mungu," alisema Mjomba. Akaendelea kupiga randa. Tulirudi nyumbani.

Tangu hapo Mjomba hakufika kwetu. Baba alijaribu kuwa daraja. Alimpelekea suruali aliyomrekebishia, akamwambia, "Shemeji, kiuno chako kimepungua, na salamu zako nazo zimepungua. Kiuno nimekishona. Hizo salamu utazishona mwenyewe." Mjomba aliipokea suruali, akashukuru, akafunga mlango. Baba alirudi akasema angalau leo ameshukuru.

Mama hakuwa mtu wa kungoja ufunguo. Bibi Vipimo alimwazima ramani yake. Wanafunzi walileta mlango mbovu wa stoo, wakaulaza juu ya matofali nyuma ya darasa, nje. Waliuzungushia ukingo wa mbao, wakamwaga udongo na mchanga. Makundi yalipokezana. Moja lilisoma ramani, jingine lilijenga milima, jingine lilikizungusha kijito nyuma ya kilima. Walibishana sana. Mmoja alipoujenga mlima kupita kiasi, wenzake walimwambia huo si mlima, ni kiburi. Mimi nami niliufuta mto wangu ukutani kwa chokaa.

Siku walipomaliza, Mjomba alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule akirekebisha bawaba ya dirisha. Alisikia sauti, akaja na bisibisi mkononi. Alisimama nyuma ya wanafunzi. Mama alimwona, lakini hakumwita.

Kiranja alikuwa ameshika kopo lililotobolewa matundu madogo. Alisimamisha kijiti pale kivukoni. Alimwaga maji juu ya milima peke yake. Kivukoni mchanga ulikuwa mkavu. Maji yalijikusanya katika makorongo, yakatelemka, yakakizunguka kilima cha shule ambako hakuna aliyekuwa akiyatazama. Kisha yakatokea upande wa tambarare, ghafla, yakakichukua kijiti.

Wanafunzi hawakushangilia. Walielewa wanachokitazama.

"Rudia," alisema Mjomba.

Waligeuka wote. Kiranja alimtazama Mama. Mama aliinamisha kichwa kukubali. Kiranja alikausha njia ya maji kwa mchanga mpya, akamwaga tena. Mjomba alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na kivuko.

"Hapa alipokuwa amesimama," aliuliza, "asingeiona milima?"

"Asingeiona, Mjomba. Kilima kimeiziba."

"Na alitazama mbinguni?"

"Alitazama. Alitusimamisha sote, tukatazama pamoja. Kulikuwa kweupe."

Mjomba alikaa pale, mkono wake juu ya ukingo wa mbao. Ukingo ulikuwa umepigiliwa vibaya. Aliukaza kwa kidole gumba, kama fundi asiyeweza kuvumilia kiungo kilicholegea.

"Basi hakuwa mzembe," alisema.

"Hakuwa, kaka," Mama alisema. "Alifanya kila alichofundishwa."

Mjomba alisimama. Aliuvua ufunguo shingoni, akaingia ndani ya chumba. Hakutaka msaada. Tulisikia misumari ikitoka sakafuni, mmoja baada ya mwingine.

Kazi ya kukijenga chumba upya ilichukua muda, na safari hii Bibi Vipimo alikuwepo na futi yake. Mjomba alilifungua kabati kiungo kwa kiungo. Mbao ndefu zikawa meza kubwa ya mchanga yenye kingo, iliyozibwa vizuri maji yasivuje. Mbao pana zikawa droo zisizo na kina, ramani zilale bila kukunjwa. Vioo havikutupwa. Mjomba alivisugua makali, akavifanya vifuniko vya meza. Ramani iliwekwa chini ya kioo, na mwanafunzi aliweza kuchora njia ya mto juu yake kwa kalamu ya nta, akafuta, akachora tena. Mjomba na Bibi Vipimo waligombana juu ya kimo cha meza. Mjomba alitaka kimo cha kawaida cha fundi. Bibi alimleta mwanafunzi mfupi kuliko wote, akamsimamisha, akampima kiwiko. Meza ikapunguzwa miguu.

Baba alishona kitambaa kigumu nyuma ya kila ramani ya ukutani, zisichanike mikunjoni. Mimi nilichora mshale wa kaskazini sakafuni, kwa kufuata dira, na nje ya mlango nikauendeleza mpaka uwanjani. Kipimamvua kilihamia uwanjani ndani ya uzio mdogo. Kipimajoto kilipata nyumba yake nyeupe yenye miguu minne. Ufunguo wa chumba alipewa kiranja, na zamu ya kusoma vipimo iliwahusu wanafunzi wote, pamoja na wavivu.

Kitu kimoja kilikosekana. Kipimo chetu kilipima mvua ya kwetu, na mvua iliyotutesa ilikuwa ya milimani. Mama alisafiri hadi shule ya msingi iliyoko huko juu. Alimpelekea mwalimu wa pale kipimamvua cha pili, akamwomba awe anapiga simu kila inaponyesha mvua kubwa. Mwalimu yule alikubali kwa furaha. Alisema miaka yote amekuwa akiyaona maji yakiondoka kwake kwa hasira, asijue yanakwenda kugombana na nani.

Muhula uliofuata nilikuwa nimefunga mabegi kurudi chuoni nilipopita shuleni kuaga. Ilikuwa mchana wa jua kali. Nilimkuta Mama amesimama mlangoni mwa chumba, simu sikioni. Huko milimani mvua ilikuwa imemwagika, na kipimo kilikuwa kinakaribia kufurika. Wanafunzi wa zamu walikuwa mezani. Kiranja aliichora njia ya maji juu ya kioo, akasema yatafika wakati wa kutoka shule.

Mama alikwenda kwa mkuu wa shule. Alirudi na ruhusa, na watoto wa ng'ambo wakazuiwa uwanjani.

Maneno yalianza punde. Baadhi ya wazazi wa ng'ambo hufanya kazi sokoni upande huu, na jioni hupita kuwachukua watoto wao. Walifika langoni na mizigo yao. Mwanamke mmoja muuza mboga aliinua uso, akaitazama mbingu, akamtazama Mama.

"Mwalimu, hiyo mvua umeiweka wapi? Mkobani?"

Watu walicheka. Mwingine alisema nyumbani ana mgonjwa, na mwanawe ndiye anayemchotea maji. Hilo halikuwa la kuchekesha, na Mama hakulichukulia hivyo. Alisema anajua anawasumbua. Alisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na hapo shuleni wamekwisha kulia. Aliwaomba wangoje kidogo. Muuza mboga alijitwika kikapu, akasema yeye anavuka, asiyeogopa jua amfuate.

Mjomba alikuwa amesimama ndani ya lango. Alimsogelea, akakishika kile kikapu kwa mikono miwili.

"Dada, mimi nitakubebea," alisema. "Lakini si sasa."

Walitazamana. Muuza mboga alimjua ni nani. Alikishusha kikapu, akaketi juu yake.

Tulingoja. Kilima kilikuwa kimya. Kisha tulisikia mngurumo. Mwanzoni ulifanana na lori la mbali, halafu ukawa mkubwa kuliko lori lolote. Tulikwenda hadi kwenye kingo za juu za kijito, kila mzazi amemshika mwanawe. Maji yalitokea upande wa tambarare, mekundu, yamebeba matawi na kipande cha uzio wa mtu. Yalikifunika kivuko, yakapanda mpaka kwenye mawe ambayo watoto hukalia kuvaa viatu. Juu yetu mbingu ilikuwa safi.

Muuza mboga alianza kuwahesabu watoto wa ng'ambo kwa kuwagusa vichwa, wake na wa wenzake. Alipomaliza, alianza upya. Wote walikuwepo.

Watu walipopata sauti, waliuliza yaliyo mbele yao. Maji hayo hayatapungua kabla ya giza. Watoto watakula wapi, watalala wapi? Na siku nyingine itakapotokea hivi, nani atakaa nao? Mkuu wa shule alisema madarasa hayana hata mkeka. Mama alifungua kinywa kusema watakuja kwetu, ingawa nilijua chumba chetu cha mbele kimejaa vitambaa. Mjomba alimtangulia. Hakupaza sauti, na watu walilazimika kusogea ili wamsikie.

"Watalala karakanani kwangu," alisema. "Leo, na kila siku ambayo kijito kitajaa. Kesho naanza kutengeneza vitanda. Mzazi ambaye mtoto wake hajafika nyumbani asiende kumtafuta mtoni. Aje kwangu."